Mtu Anayekula Amesimama

Kibanda cha Tatu
6 Juni

Mdogo wangu,

Leo ni siku ya nne ya kutembea milimani na tayari nimegombana na watu sita. Usicheke. Mmoja alisema wafanyakazi wa viwandani wanaugua kwa sababu hawanawi mikono. Nilimsindikiza kwa hoja kutoka daraja la kwanza mpaka kibanda cha pili, kilometa kumi na nane, na tulipofika akaniomba radhi ili tu apate kulala. Huku kila mtu hupewa jina na wenzake, na la nyumbani halimhusu mtu. Mimi naitwa Mama Hoja. Sikulipinga.

Wakili alifanya vizuri kunifukuza mjini. Alisema nikiendelea kuhutubia watu kwenye foleni ya benki, nitafika mbele ya tume itakayosikiliza kesi ya kiwanda nikiwa sina sauti. Kikao ni tarehe 21 Julai. Njia hii ni ya siku thelathini na nane, kwa hiyo nitashuka upande wa pili na siku za kutosha kufua nguo na kupanga karatasi.

Karatasi ndizo ninazoziwaza ninapopanda milima. Miaka kumi na miwili nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda cha betri. Niliwatoa watu damu, nikaipeleka maabara, na majibu yakarudi masafi kama shuka jipya, ilhali wenye damu hiyo walikuwa hawawezi kufunga vifungo vyao kwa kutetemeka. Yule Mtu asingenipa majibu ya kwanza, yale ya kabla hayajaandikwa upya, leo ningekuwa mwanamke aliyefukuzwa kazi mwenye mdomo mrefu, basi. Yeye ndiye kesi. Akisimama akasema "mimi ndiye niliyepima," wamekwisha. Hadi siku hiyo jina lake tunalo wawili, mimi na wakili. Hata wewe sijakutajia, na nakushukuru kwamba hujawahi kuuliza.

Hapa tuko na bwana na bibi wa makamo, wameoana mwezi uliopita. Wamebeba hema moja na bado hawajakubaliana linasimamishwaje. Kila jioni wanalisimamisha, linaanguka, wananuniana, kisha wanakuja kulala kibandani na sisi. Bibi ameniambia kwa siri kwamba mume ni mzuri, tatizo ni kamba tu.

Kila kibanda kina mlinzi na daftari kubwa. Ukifika unaandika jina lako la njia, tarehe, ulikotoka na uendako. Gari la vyakula huleta na kuchukua barua. Orodha niliyokubandikia juu ya cherehani ina vibanda vyote na tarehe zake, wewe tuma tu. Simu nimemwachia wakili, na huku hata hivyo haishiki.

Msalimie shemeji. Najua kuwa mkuu wa ghala katika kiwanda hicho hicho kunamweka pabaya kwa ajili yangu. Hajanirushia neno hata siku moja. Kwa hilo namheshimu.

Dada yako


Nyumbani
10 Juni

Dada,

Barua yako imefika na vumbi ndani. Nimelikung'utia kwenye kopo la maua. Angalau kuna kitu chako kimoja kimeingia humu ndani kikakaa kimya.

Nashona sare za kwaya, arobaini na mbili. Mwalimu wao ameongezeka kiuno tangu nilipompima na anasema utepe wangu umesinyaa. Nimemwambia basi umesinyaa kwake tu, wenzake wote umewatosha. Amenuna, lakini amerudi kupimwa.

Shemeji yako siku hizi anarudi mapema. Ghalani kuna mambo, hasemi ni mambo gani. Juzi alisimama mbele ya orodha yako na kikombe mkononi, akaniuliza kama kweli utafuata tarehe hizo au umekisia. Nikamwambia dada yangu hajachelewa tangu azaliwe. Tarehe 19 utakuwa Kibanda cha Tisa, sivyo? Kukiwa na mabadiliko nijulishe, nisije nikatuma barua ikakukosa.

Kula vizuri. Ukigombana na mtu, mwache ashinde mara moja, uone inavyokuwa.

Mdogo wako


Kibanda cha Sita
14 Juni

Mdogo wangu,

Nilimwacha mtu ashinde. Siipendekezi.

Mabadiliko yapo. Goti limevimba, na mlinzi wa hapa, mwanamke mwenye mikono kama ya mbeba mizigo, amenikataza kuteremkia Kibanda cha Tisa kwa sababu mteremko wake ni wa mawe matupu. Nitakwenda taratibu kwa njia ya pembeni mpaka Kibanda cha Juu, ambacho watu wengi hukipita, na nitapumzika huko tarehe 19 mpaka 21. Halafu nitajiunga na njia kubwa kwenye Kibanda cha Kumi. Hili unalijua wewe peke yako. Hata wakili sina haja ya kumwandikia habari za goti.

Nimetembea siku mbili na Mwokaji. Ana magoti mabovu kuliko langu, kwa hiyo kwenye miteremko hutembea kinyumenyume, ananitazama usoni na kunisimulia habari za mikate. Nilimwambia kwetu watu wanaokwenda kinyumenyume tunawapa vyeo. Akacheka mpaka akakaa kichakani.

Nimeanza kuamini jambo moja, na utanisamehe nikilisema. Wageni ni wakweli kuliko ndugu. Mgeni hana cha kurithi kwako, haogopi utamsema kwenye msiba, hana sababu ya kukudanganya. Huku watu wanaambiana mambo ambayo wake zao hawajayasikia kwa miaka ishirini. Wenyewe wana sheria yao: linalosemwa njiani linabaki njiani. Mpaka sasa sijaona aliyeivunja.

Dada yako


Nyumbani
17 Juni

Dada,

Natuma hii Kibanda cha Juu kama ulivyosema.

Shemeji yako aliikuta barua yako mezani akaisoma. Sikuwa nimeificha. Kwa nini niifiche?

Nakuomba kitu kimoja, na usiniulize sababu maana utanishinda kwa maneno kama kawaida yako. Habari za kiwanda usizungumze na watu usiowajua. Ongea nao habari za mvua. Ongea habari za magoti. Wewe ukikutana na mtu anayejua kusikiliza unamwaga kila kitu, nakujua tangu tunalala kitanda kimoja.

Nafikiri ingekuwa vizuri pia kama ungebadilisha tena njia, na safari hii usimwambie mtu.

Mdogo wako


Kibanda cha Kumi
23 Juni

Mdogo wangu mwoga,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Fundi Saa, na tumecheka wote wawili. "Ongea nao habari za mvua." Mama yetu mtupu. Miaka hamsini na mbili watu wa ukoo huu wamekuwa wakinishauri niongee habari za mvua, na kila mara nimekuja kugundua kwamba kulikuwa na kitu wanakificha.

Fundi Saa ni nani? Ni bwana wa miaka kama sitini, mpole, ana mkoba mdogo uliopangwa kama droo ya daktari. Anasema amekuwa akitengeneza saa maisha yake yote, na macho yalipochoka akafunga duka akaanza kutembea. Alifika Kibanda cha Juu asubuhi ya tarehe 20, tulikuwa sisi wawili na mlinzi tu. Alianza njia siku mbili nyuma yangu, kwa hiyo ana miguu ya kijana. Tumetembea pamoja siku tatu. Hakunikatiza hata mara moja. Unajua nimeolewa mara mbili na sijawahi kuzungumza siku tatu bila kukatizwa?

Nimemweleza kesi. Ndiyo, nimemweleza, kaa chini unywe maji. Alidhani mashahidi kama Yule Mtu hawapo. Alisema kwa upole kabisa: "Mama Hoja, katika maisha yangu sijaona mtu wa ndani akasimama. Labda huyo umempamba." Mimi nimpambe? Nikamwambia sikia, huyo si hadithi, ni mtu wa nyama na mifupa. Mgongo wake umeharibika kwa kuinamia vipimo, hawezi kukaa, anakula chakula cha mchana amesimama, ameegemea mlango wa jokofu la sampuli, na hata hivyo ameamua kusimama siku nyingine moja zaidi. Fundi Saa alikaza kamba za mkoba wake. Kisha akasema amenielewa.

Jina sikutaja. Mimi si mtoto.

Kesho tunakwenda Kibanda cha Kumi na Moja. Acha kuogopa watu.

Dada yako


Nyumbani
26 Juni

Dada,

Sijalala vizuri tangu barua yako ije. Umemwambia nini kuhusu Yule Mtu? Niandikie neno kwa neno. Kula amesimama tu, au na kingine?

Usitembee naye tena. Mwambie goti limezidi. Mwambie lolote. Halafu mwandikie wakili leo hii, mwambie amwondoe Yule Mtu pale alipo.

Siwezi kuandika zaidi. Shemeji yako yumo ndani.

Mdogo wako


Imeachwa kwa mlinzi, Kibanda cha Kumi na Moja
25 Juni

Mama Hoja,

Nimepata udhuru, nimeshuka na gari la vyakula. Sikutaka kukuamsha kwa ajili ya kuagana.

Goti lako usilikalie. Lisogeze kidogo kidogo asubuhi kabla hujasimama.

Nimefanya kazi yangu miaka mingi na sikuwa na desturi ya kumwachia mtu barua. Wewe ni mzungumzaji mzuri. Ningekushauri usiwe mzuri kiasi hicho.

Fundi Saa


Kibanda cha Kumi na Mbili
2 Julai

Wewe,

Nimepata barua tatu kwa mpigo: yako ya tarehe 26, ya wakili, na kikaratasi cha yule niliyetembea naye, ambacho mlinzi wa nyuma alisahau kunipa akamkabidhi Karani aniletee. Karani ni mwanamke aliyestaafu kwenye masjala ya mahakama. Anatembea njia hii kwa mara ya tatu, na kila kibanda anasoma daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kama wengine wanavyosoma gazeti. Anasema ndiyo raha yake, kuona nani alifika lini na nani alikata tamaa wapi.

Nikamwonyesha kikaratasi. Nikamwambia bwana huyu alianza siku mbili nyuma yangu. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mama, hakuanza popote. Nimesoma madaftari kumi. Hayumo cha kwanza, hayumo cha pili, hayumo cha sita. Jina lake linaanzia Kibanda cha Juu, tarehe 20. Pale kuna barabara ya gari upande wa nyuma." Nikamwambia labda hapendi kuandika. Akaniuliza, "Sasa mbona alipoanza kupenda ilikuwa ulipo wewe?"

Karani alikwenda kuchemsha chai akaniacha nihesabu mwenyewe.

Orodha ya juu ya cherehani ilisema Kibanda cha Tisa. Angeifuata hiyo, angenikosa. Habari za Kibanda cha Juu niliandika mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, tarehe 14, na wewe tarehe 17 ukanijibu kwamba shemeji ameisoma, halafu ukanishauri niongee habari za mvua. Ulijua. Ulishika kalamu unajua, na ukaniandikia juu ya mvua.

Barua ya wakili ni fupi. Tarehe 26 Yule Mtu alitolewa maabara, akahamishiwa tawi la mbali. Tarehe 28 aliweka sahihi kwamba hajawahi kumpa mtu yeyote karatasi yoyote. Amefuta jina lake kwenye orodha ya mashahidi. Wakili anauliza ni nani aliyejua, maana yeye hajazungumza.

Nakuuliza na mimi. Usinijibu kwa kukohoa.


Nyumbani
6 Julai

Dada,

Nitaandika moja kwa moja. Shemeji yako yuko kazini na mlango nimeufunga.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita alikuja na mgeni, mkuu wa ulinzi wa kiwanda. Alikaa kwenye kigoda changu cha cherehani kwa sababu viti vyote vilikuwa na nguo za kwaya. Nilikuwa napiga pindo chumba hicho hicho, na wakazungumza kama vile mimi ni sehemu ya mashine. Mgeni alisema, "Hizi karatasi zetu tulizoandika upya hazina tatizo, zina mihuri yote. Tatizo ni aliyetoa zile za kwanza. Tukimpata huyo, dada yenu anabaki na kelele tu." Nayakumbuka maneno hayo kama nilivyoyaandika hapa. Kisha akamwambia shemeji yako kwamba ghala linahitaji mtu wa kuaminika, na kuna wengine wanaolitaka.

Walipoondoka aliniomba niulize kama tarehe zako hazijabadilika. Alisema ni mtu atakayezungumza nawe tu, labda akushauri umalizane nao kwa amani. Nilijiambia ni kuzungumza tu. Nikauliza. Uliponiandikia habari za Kibanda cha Juu, niliiacha barua mezani nikaenda jikoni. Nilikwambia sikuwa nimeificha. Ukweli ni kwamba niliiweka pale.

Halafu nikaogopa, nikakuandikia uongee habari za mvua. Ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

Lakini na mimi nina neno, Dada, na utalisikia. Mimi nilitoa kibanda na tarehe. Jina sikulijua, na shemeji yako hakulijua. Kiwanda kizima hakuna asiyemjua mtu anayekula ameegemea jokofu. Hilo nililisoma kwa mwandiko wako. Mtu alikuambia umempamba, na wewe ukashindwa kuvumilia kuonekana mwongo kwa muda wa kutoka kilima kimoja mpaka kingine.

Naweza kwenda mbele ya tume nikasema niliyoyasikia kwenye kigoda changu. Najua itakuwa nini humu ndani nikirudi. Huenda nisirudi. Nitakwenda, ila nataka nijue kabla sijaondoka kama bado nina dada. Niambie hilo tu, nami nitasimama.

Mdogo wako


Nyumba ya wageni, karibu na stesheni
12 Julai

Nimeiacha njia kwenye Kibanda cha Kumi na Mbili. Karani alinibebea mkoba mpaka barabarani.

Uliloandika juu ya jokofu nimelisoma mara nne. Nimelitafutia jibu, na unajua mimi majibu sikosi. Hili sina. Kwa hiyo nilipanda treni nikaja mji huu waliomhamishia Yule Mtu, nimwambie mbele ya uso wake kwamba ni mdomo wangu.

Nyumba waliyompa ina mlango wa bati uliopakwa rangi juzi. Alifungua mkewe. Hatujawahi kuonana. Nikamwambia mimi ni muuguzi wa zamani wa kiwanda, nina dakika tano tu. Akaniambia mume wake ametoka. Viatu vya mumewe, vile vya soli nene ambavyo mimi ndiye niliyemwandikia kwa ajili ya mgongo, vilikuwa hapo chini, kati ya miguu yake na yangu. Tuliviona wote wawili. Nikasema, "Basi mwambie nilikuja kumwomba radhi." Akasema, "Radhi ya nini, mama? Sisi hatukujui." Alilisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba, akafunga taratibu.

Alifanya vizuri. Anao watoto ndani, na mara ya mwisho mtu wake kuniamini ndiyo iliyowaleta hapa. Kwao mimi ndiye yule bwana mpole mwenye mkoba uliopangwa.

Sasa wewe. Unataka kujua kama una dada, ndipo useme kweli. Jibu hilo sikupi. Nikikupa "ndiyo", wanasheria wa kiwanda watakuuliza kwa nini umekuja, na utasema umekuja kwa ajili yangu. Hapo watakutupa nje ya mlango, na watakuwa na haki. Nikikupa "hapana", hutakuja. Kuna watu mia tatu wenye sumu ya betri kwenye damu, hawajui habari za mimi na wewe. Nenda kwa ajili yao au usiende.

Na hata kama lingekuwa jambo jepesi, bado nisingekuwa na jibu leo. Kila nikikutafuta moyoni nakuta umesimama jikoni, unasubiri mtu amalize kusoma.

Kikao kinaanza saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Njoo na kitambulisho. Wakili nimemwandikia maneno ya kigodani, anakusubiri kabla ya saa mbili na nusu ayaandike upya kutoka kinywani mwako. Mashahidi wanakaa upande wa dirisha, walalamikaji upande wa mlango, kuna meza ndefu katikati. Wakati wa mapumziko usivuke kuja upande wangu.

Mlalamikaji